Mafuta Haya Yalipimwa kwa Ngozi ya Nani?

Kopo la mafuta ya kupaka lifikapo Kabondo-Dianda, mji ulioko kandokando ya reli itokayo Lubumbashi kwenda Kamina kwa njia ya Bukama, aghalabu limekwisha safiri mbali kuliko wengi wa watu watakaolitumia: limetoka kiwandani Asia, Ulaya au pwani ya Afrika ya Magharibi, limevuka bahari ndani ya kontena la chuma, limeteremshwa Dar es Salaam au Durban, limepanda lori hadi mpaka wa Kasumbalesa, kisha limepakiwa katika behewa au nyuma ya pikipiki pamoja na chumvi, sabuni na vitenge, mpaka likawekwa mezani kwa mama muuzaji, jirani na chupa za mawese na samaki wakavu wa Upemba. Juu ya kopo hilo pana maneno ya Kifaransa, na pengine ya Kiingereza, yasemayo kwamba mafuta yamepimwa na matabibu wa ngozi, kwamba hayana madhara, na kwamba uzuri wake utadhihirika baada ya siku kadhaa. Mnunuzi hana maabara nyumbani kwake, wala hana njia ya kumwita mtengenezaji amhoji. Hana budi kuamini au kuacha. Walakini anayo haki ya kuuliza maswali matatu, nayo ni haya: mafuta haya yalipimwa kwa ngozi ya nani, kwa kiasi gani, na kwa muda gani? Kwani kipimo cha kipodozi ni ushahidi, na shahidi hana la kusema ila juu ya lile aliloliona. Ushahidi uliotolewa juu ya jambo moja ukachukuliwa kusimamisha jambo jingine hugeuka kuwa uongo, hata kama kila neno lake lilikuwa kweli mahali pake.

Maneno hayo ya kwamba matabibu wa ngozi wameyapima mafuta hayana maana moja iliyokubaliwa na sheria za nchi zote. Yamkini watu mia mbili walibandikwa mafuta hayo mgongoni kwa wiki sita chini ya macho ya bingwa, na yamkini watu wachache waliyapaka kwa siku mbili, tabibu mmoja akatia sahihi. Kopo halisemi ni lipi kati ya hayo mawili, na ndiyo maana yafaa tuitazame kazi yenyewe jinsi inavyofanywa na wale waifanyao kwa uaminifu.

Kazi hiyo huanza kabla mafuta hayajawa mafuta, wakati kila kitu kitakachotiwa ndani yake kingali peke yake. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kanuni ya vipodozi iliyoanza kutumika kikamilifu mwaka 2013 inataka kila kipodozi, kabla ya kuuzwa, kiwe na taarifa ya usalama iliyotiwa sahihi na mtaalamu mwenye elimu ya famasia, tiba au elimu ya sumu. Mtaalamu huyo hutafuta kwanza kile kiasi kikubwa kabisa cha kemikali ambacho katika majaribio hakikuonyesha dhara lolote, akakilinganisha na kiasi kitakachoingia mwilini mwa mtumiaji kwa siku, na kwa kawaida haridhiki mpaka cha kwanza kiwe kimezidi cha pili mara 100: mara 10 kwa kuwa mwanadamu si panya, na mara 10 nyingine kwa kuwa wanadamu wenyewe hawafanani, maana kuna mchanga na mkongwe, mwenye mimba na mgonjwa. Na ili ijulikane ni kiasi gani kitaingia mwilini, hukadiriwa kwamba mtu mzima hupaka gramu 7.82 za mafuta ya mwili kwa siku, na krimu ya uso gramu 1.54. Hesabu hiyo ni nzuri na ya insafu kwa yule aliyekusudiwa. Lakini fikiri juu ya nyumba ya Katanga wakati wa kiangazi, kati ya Mei na Septemba, upepo mkavu unapoipasua ngozi, na mama anajipaka toka utosini hadi nyayoni asubuhi na jioni, kisha kwa kopo lile lile akawapaka na wanawe; huyo hakuwamo katika gramu 7.82, na mwanawe wa kilo 12 hakuwamo kabisa. Kiasi ni nusu ya sumu yoyote, na kwa sababu hiyo swali la kiasi si la wasomi peke yao.

Zamani aliyetoa ushahidi alikuwa sungura. Marekani, katika miaka ya 1930, rangi moja ya kope iliwapofusha wanawake, na mwaka 1937 dawa ya maji iliyotengenezwa bila kupimwa ikaua watu zaidi ya 100, watoto wakiwemo. Misiba hiyo ndiyo iliyosukuma sheria ya mwaka 1938 iliyoweka vipodozi chini ya uangalizi wa serikali. Mwaka 1944 John Draize na wenzake wakaandika utaratibu wa kutia kemikali katika jicho na juu ya ngozi iliyonyolewa ya sungura na kuhesabu daraja za wekundu na uvimbe, na utaratibu huo ukatawala ulimwengu kwa muda wa miaka hamsini na zaidi. Ulikuwa na ukatili, na tena haukuwa sahihi sana, maana ngozi ya sungura ni nyepesi kudhurika kuliko ya mtu, na macho mawili ya wapimaji wawili hayaandiki daraja moja. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kuwapima wanyama kwa vipodozi vilivyokamilika mwaka 2004, na tangu Machi 2013 haukubali hata kuuza kipodozi ambacho kwa ajili yake mnyama alipimwa. Mahali pa sungura pamechukuliwa na ngozi ya binadamu iliyooteshwa katika kikombe cha maabara kutokana na chembe hai zilizobaki baada ya upasuaji: hutiwa kemikali juu yake, ikaoshwa, ikaachwa, kisha ikapimwa ni chembe ngapi zingali hai, na zikisalia nusu au pungufu ya nusu, kemikali hiyo huandikwa kuwa ni ya kuwasha. Naiona hatua hii kuwa ni ya heri, kwa mnyama na kwa elimu pia.

Hata hivyo chembe za kikombe hazina kumbukumbu, na aleji ni jambo la kumbukumbu. Mwili huweza kukikubali kitu mara ya kwanza, na ya pili, na ya tano, huku ukijifunza kukichukia kimyakimya, hata siku moja ukawaka kwa tone dogo. Kwa hiyo mwisho wa yote hapana budi kumwendea mtu aliye hai. Mwanzilishi wa njia hiyo ni Josef Jadassohn, ambaye mwaka 1895, katika mkutano wa matabibu wa ngozi huko Graz, alieleza jinsi alivyombandika plasta yenye zebaki mgonjwa aliyekuwa amedhurika kwa dawa ya zebaki, na jinsi ngozi ilivyoumuka pale pale chini ya plasta na si penginepo. Zebaki hiyo tutaikuta tena mbele. Siku hizi mtu ashukiwaye kuwa na aleji hubandikwa vibati vidogo mgongoni, vikaondolewa baada ya saa 48, na mgongo ukasomwa tena siku ya tatu au ya nne, kwa kuwa hasira ya namna hii huchelewa kutokeza. Ama mafuta mapya hupimwa kwa njia ndefu zaidi: watu waliojitolea, tangu hamsini hadi mia mbili, hubandikwa mara tisa katika wiki tatu, wakapumzishwa kama wiki mbili ili mwili upate nafasi ya kukumbuka, kisha wakabandikwa mara ya mwisho mahali pageni. Ikiwa mwili ulijifunza uadui katika zile wiki tatu, hapo ndipo unapousema.

Hapa ndipo swali la kwanza, la ngozi ya nani, linapokuwa zito. Daraja za Draize, na daraja nyingi zilizofuata, ni daraja za wekundu, na wekundu huonekana upesi juu ya ngozi nyeupe. Juu ya ngozi nyeusi moto ule ule hujionyesha kwa joto, kwa uvimbe, kwa ugumu chini ya kidole, kwa muwasho aujuao mwenyewe, na baadaye kwa doa jeusi linalokaa miezi. Mpimaji azoeaye kutafuta wekundu peke yake ataandika sifuri mahali ambapo mwenye ngozi anaungua. Hata kipimo maarufu cha aina za ngozi kilichotungwa na Thomas Fitzpatrick mwaka 1975 kilianza na aina nne za ngozi nyeupe, na aina za watu weusi zikaongezwa baadaye. Tena kuna aibu kubwa zaidi ya kusahauliwa, nayo ni kukumbukwa kwa ubaya: kati ya mwaka 1951 na 1974 Albert Kligman, tabibu mashuhuri wa ngozi, alifanya majaribio ya dawa na vipodozi juu ya wafungwa wa gereza la Holmesburg mjini Philadelphia, ambao wengi wao walikuwa weusi, wakabandikwa migongo kwa ujira mdogo bila kuelezwa sawasawa hatari iliyowakabili. Ridhaa ya mtu aliye kifungoni na asiyeambiwa kweli si ridhaa. Leo mpimaji mwenye heshima humweleza mtu kwa lugha aijuayo nini atabandikwa na kwa nini, na humwachia haki ya kuondoka saa yoyote.

Kuna kipimo kingine ambacho watu wa nchi za joto yawapasa kukidai kuliko wote, nacho ni cha kudumu kwa mafuta. Krimu ni maji na mafuta yaliyolazimishwa kukaa pamoja, na penye maji vijidudu hustawi. Watengenezaji huyafungia makopo katika kabati la joto la digrii 40 kwa miezi kadhaa, wakatazama kama yanatengana, yanabadilika rangi au yananuka; kisha kwa makusudi huyatia bakteria na kuvu, miongoni mwao vile viletavyo usaha na ukungu, na kwa siku 28 huhesabu kama kihifadhi kilichomo kinaviua. Kipimo cha kimataifa kinaruhusu vijidudu visivyozidi 1,000 katika gramu moja ya kipodozi cha kawaida, na 100 tu kwa vya watoto wadogo na vya machoni. Lakini kabati la digrii 40 halikuliona behewa lililosimama juani siku nzima likingoja injini, wala halikuuona mkono wa tatu na wa nne ukichota katika kopo moja sokoni. Mafuta yaliyotengana, yaliyobadilika harufu, au yaliyohamishwa toka ndoo kubwa kwenda vikopo visivyo jina, yamekwisha poteza ushahidi wake, hata kama kiwandani yalipimwa na malaika.

Ama swali la kama mafuta yanafanya kazi iliyoahidiwa, hilo hupimwa kwa kulinganisha, na hakuna njia nyingine. Mtu hupakwa mafuta yenye dawa mkono mmoja na mafuta yale yale yasiyo na dawa mkono wa pili, wala yeye wala mpimaji wake hajui upi ni upi mpaka mwisho. Kisha vyombo hupima unyevu wa ngozi na maji yanayopotea hewani kutoka juu yake. Bila ya mkono wa pili matokeo hayana thamani, kwani ngozi kavu ikipakwa chochote chenye mafuta hulainika, na kiangazi kikipita hujilainisha yenyewe. Sifa nyingi za makoponi, ukizichunguza, zimetokana na kuulizwa watu kama wameyapenda mafuta. Kupenda si kupimwa.

Mfano wa kazi njema katika nchi zetu upo Moshi, Tanzania, chini ya Mlima Kilimanjaro. Katika chuo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichofunguliwa mwaka 1992 kando ya hospitali ya KCMC, mfamasia kutoka Hispania, Mafalda Soto, na wenzake wa Kitanzania walianzisha kiwanda kidogo cha mafuta ya kukinga jua kwa ajili ya watu wenye ualbino, ambao katika Afrika saratani ya ngozi huwaua wengi wangali vijana. Mafuta hayo huitwa Kilisun, na kinga yake ni ya daraja la 30. Daraja hiyo hupatikana hivi: watu waliojitolea hupakwa miligramu 2 kwa kila sentimita ya mraba ya mgongo, wakamulikwa taa yenye mionzi kama ya jua, ikatafutwa ni mwanga kiasi gani unaoanza kuibabua ngozi iliyopakwa na ile isiyopakwa; ikiwa ya kwanza imestahimili mara 30 ya ile ya pili, hiyo ndiyo 30. Kipimo hiki hufanywa kwa ngozi nyeupe, na kwa mara moja ushahidi wa ngozi nyeupe unaelekea kuwafaa Waafrika hawa, kwa kuwa ngozi isiyo na rangi ndiyo inayokusudiwa kulindwa. Lakini miligramu 2 ni nyingi kuliko watu wanavyodhani. Wengi hupaka nusu yake au robo, na kinga yao hushuka vibaya. Watu wa Moshi wanalijua hilo, na ndiyo sababu hawatoi chupa peke yake: huichunguza ngozi ya mtu, humfundisha namna ya kupaka, huhimiza kofia na mikono mirefu, kisha humrudia. Kwangu mimi hicho ni kipimo cha juu kuliko vyote, cha mtengenezaji anayerudi kumtazama aliyempaka.

Sasa tuingie katika jambo linalowadhuru watu wetu kuliko muwasho na vijidudu, yaani mafuta na sabuni za kuing'arisha ngozi, zinazouzwa toka Kinshasa hadi Mombasa. Historia yake ni historia ya ushahidi uliohamishwa mahali pake. Mwaka 1939 matabibu wa Marekani waliandika habari za wafanyakazi wa kiwanda cha kutengeneza ngozi za wanyama, ambao mikono yao ilipata mabaka meupe. Chanzo kilikuwa glovu zao za mpira, zilizotiwa kemikali ya ukoo wa haidrokwinoni ili mpira usichakae upesi. Kilichokuwa ajali ya kazini kikageuka bidhaa. Haidrokwinoni huzuia chembe za ngozi zisitengeneze melanini, ile rangi nyeusi ambayo Mwenyezi Mungu ameiweka juu yetu kuwa pazia la jua, na katika majaribio ya wiki chache ilionekana kuwa haina neno. Haikuwa na neno kwa wiki chache. Mwaka 1975 Findlay na wenzake wa Afrika Kusini walieleza juu ya wanawake waliokuwa wameitumia kwa miaka, ambao nyuso zao, badala ya kuwa nyeupe, zilikuwa zimetoka madoa ya buluu na weusi yenye vipele vigumu, madoa yasiyofutika kwa dawa yoyote ya kupaka. Wengi waliyaona madoa yale kuwa ni sababu ya kuongeza mafuta, na mafuta yakaongeza madoa. Serikali ya huko iliiwekea haidrokwinoni mpaka wa asilimia 2 mwaka 1980, ikaona hautoshi, ikaikataza katika vipodozi mwaka 1990. Ulaya ikaizuia katika krimu za kung'arisha tangu mwaka 2001. Jaribio la wiki kumi na mbili halina jicho la kuona mwaka wa sita.

Zebaki ni mbaya zaidi, maana haiishii ngozini. Hupenya, huvukizwa hewani ndani ya chumba, hufika kwenye figo, na kwa mwenye mimba humfikia mtoto. Mwaka 1972 matabibu wa Nairobi walichapisha habari za wagonjwa 60, Waafrika watu wazima, waliokuja na uso na miguu iliyovimba kwa sababu figo zao zilikuwa zikiipoteza protini katika mkojo. Walipowauliza, 32 kati yao walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha zenye zebaki, kiasi kilichozidi sana desturi ya watu wengine wa mji ule. Miaka mingi baadaye, mwaka 2001, Harada Masazumi, tabibu wa Kijapani aliyewatumikia wagonjwa wa Minamata, waliokula samaki wenye zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda, yeye na wenzake waliandika juu ya Kenya: walipima nywele za watu, na zebaki iliyopita kiasi wakaikuta katika nywele za watumiaji wa sabuni ya kung'arisha. Na sabuni hizo zilitoka wapi? Nyingi zilitoka Ulaya. Sheria ya vipodozi ya Ulaya ya mwaka 1976 iliikataza zebaki katika sabuni za watu wake, lakini viwanda viliendelea kutengeneza sabuni za zebaki kwa ajili ya ngozi za mbali, na kanuni ya mwaka 2003 ndiyo iliyokataza kuzisafirisha. Kwa takriban miaka ishirini na saba ushahidi ulikuwa umekwisha tolewa, umesikilizwa na kuaminiwa, ila kwa ngozi moja na si kwa nyingine. Siandiki hili kwa chuki. Naliandika kwa kuwa msomaji wa Kabondo-Dianda asidhani kwamba kitu kilichotoka mbali kimepimwa kwa kuwa kimetoka mbali.

Na kuna hatari ya tatu, iliyofichika kuliko hizo mbili, kwa kuwa yenyewe ni dawa njema. Mwaka 1975 Kligman yule yule, pamoja na Willis, walitangaza mchanganyiko wa vitu vitatu, haidrokwinoni asilimia 5, tretinoini asilimia 0.1 na steroidi iitwayo deksamethasoni asilimia 0.1, ambao uliondoa weusi wa ngozi nyeusi iliyo nzima. Tangu hapo steroidi haikutoka tena katika makopo. Iliyo mashuhuri kwetu ni klobetasoli, dawa yenye nguvu kabisa miongoni mwa steroidi za kupaka, ambayo imepimwa kwa uangalifu mkubwa na ambayo tabibu huwapa kwa haki wagonjwa wa ukurutu mkali, kwa sharti la kutozidi wiki mbili mfululizo na gramu 50 kwa wiki. Hapo ndipo ushahidi wake ulipokomea. Mtu aipakaye uso na mwili mzima kwa miaka huikondesha ngozi ikawa kama karatasi, akatoka michirizi mapajani na tumboni, akaota chunusi na ndevu, kidonda chake kikakataa kupona. Na dawa ikizidi kuingia damuni, shinikizo la damu na sukari hupanda, na tezi za mwili zilizokuwa zikitengeneza steroidi ya asili hulala. Daktari wa upasuaji hupata taabu kumshona mtu kama huyo, kwani uzi hukata ngozi.

Kisha huja ule uchanganyaji ambao Tanzania huitwa mkorogo, ambapo mwuzaji hufungua makopo matatu au manne, akayamimina pamoja katika beseni, pengine akaongeza dawa ya kufulia nguo, akajaza vikopo vyake. Baada ya hapo kila kipimo nilichokieleza kimebatilika kwa mkupuo mmoja: kiasi hakijulikani, kihifadhi kimepunguka nguvu, kemikali zimekutana ambazo hakuna maabara duniani iliyozipima zikiwa pamoja. Simlaumu mama anayetafuta riziki kwa beseni lake, maana mara nyingi yeye mwenyewe ndiye wa kwanza kujipaka, na mikono yake hushinda ndani ya mchanganyiko ule kuliko mikono ya wateja wote.

Sheria hazikosekani. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa nchini Japani mwaka 2013, ulizuia vipodozi vya kung'arisha vyenye zebaki inayozidi sehemu moja katika milioni ifikapo mwaka 2020, na mkutano wa Geneva wa mwaka 2023 ukaondoa hata ruhusa hiyo ndogo, ukaagiza kwamba kufikia 2025 isibaki zebaki iliyotiwa makusudi katika kipodozi chochote. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na viwango vya jumuiya hiyo vya vipodozi vina orodha ya vitu vilivyokatazwa, zebaki na haidrokwinoni zikiwa miongoni. Idara ya ukaguzi ya OCC, iliyoundwa mwaka 1974, ndiyo yenye kazi ya kukagua bidhaa zinazoingia nchini. Zebaki hupimwa upesi: kuna chombo cha mkononi kinachomulika kopo kwa mionzi ya eksirei na kutaja kilichomo kwa dakika chache, bila kulifungua. Ombi langu kwa wakuu ni kwamba vyombo vya namna hiyo visiishie mpakani, kwa kuwa kilichopita mpakani usiku hakirudi, bali vifike kwa zamu hata katika masoko ya miji ya reli, na matokeo yasomwe redioni kwa lugha ambazo watu huzinunulia, Kiswahili na Kiluba.

Mpaka hapo mnunuzi anaweza kujikinga kwa macho yake. Kopo lisilo na jina la mtengenezaji, orodha ya vilivyomo, namba ya toleo na tarehe ya mwisho, aliache. Akiona katika orodha maneno ya Kifaransa yanayotaja mercure, au jina kalomeli, au haidrokwinoni, au jina lolote la steroidi, aliache. Na kuna dalili moja ambayo Shirika la Afya Duniani limeitaja na ambayo watu wengi hawaijui: zebaki huzila madini nyingine, kwa hiyo baadhi ya makopo yake huonya kwamba mafuta yasiguse fedha, dhahabu, aluminiamu wala vito; mafuta yanayoogopewa na pete hayafai kugusa shavu. Ama mafuta yaliyo halali lakini mageni, ayapake kidogo ndani ya kiwiko kwa siku kadhaa kabla ya kuyapaka usoni, akikumbuka kwamba katika ngozi yake atafute joto, muwasho na ugumu, asisubiri wekundu.

Na yule aliyekwisha tumia kwa miaka asijifiche. Sabuni au krimu ya zebaki iachwe leo hii, lakini aliyezoea steroidi za nguvu mwili mzima asizikate kwa ghafla peke yake, maana tezi zilizolala hazikurupuki siku moja, na ngozi huwaka kwa hasira. Aende kituo cha afya, aseme kweli bila haya, na muuguzi naye ampokee bila kumkemea, apime shinikizo la damu, sukari na protini ya mkojo. Mwenye mimba aseme katika kliniki ya kwanza. Katika wale wagonjwa wa Nairobi wa mwaka 1972, wako walioacha krimu na figo zao zikapona. Zebaki ya namna hiyo hutoka mwilini taratibu, zaidi kwa mkojo, ikipungua nusu kwa kila muda wa kama miezi miwili tangu siku mtu alipoiacha.